Meli iliyoandikwa Douglas

Mwaka 2016, msimu wa korosho ulipopamba moto, nilikuwa karani gatini hapa Mtwara. Kazi yenyewe ni kuhesabu makontena yanayopanda melini na kuandika namba zake, leo zamu ya mchana, kesho ya usiku. Ukikaa gatini muda mrefu unazoea kusoma tezi, yaani nyuma, ya kila meli inayofunga, maana chini ya jina la meli huandikwa mji ilikosajiliwa. Panama, Monrovia, Majuro, Valletta. Nilikuwa nimeyazoea majina hayo kama vituo vya daladala za Mikindani. Siku hiyo ikafunga meli iliyoandikwa Douglas. Bendera yake nyekundu ilikuwa na ile ya Uingereza kwenye kona ya juu, na kwenye wekundu wenyewe kulikuwa na kitu ambacho sijapata kukiona kwenye bendera nyingine: miguu mitatu ya mtu aliyevaa chuma cha vita, imeungana mapajani, magoti yamekunjwa kama inakimbia.

Jioni nikamkuta mhandisi mmoja wa meli ile kwa mama lishe nje ya geti, anakunywa chai ya tangawizi. Mzee wa makamo, mpole. Kwenye kofia yake alibandika beji ndogo yenye miguu ileile mitatu. Nikamsalimia, nikamuuliza Douglas ni wapi.

Akafurahi kama niliyemuulizia mtoto wake. Akaniambia ni mji mkuu wa Kisiwa cha Man, katikati ya bahari inayotenganisha Uingereza na Ireland. Ni kisiwa cha kilomita za mraba 572, kikubwa kuliko kisiwa chetu cha Mafia, chenye watu wapatao 84,000, yaani hawafiki hata watu wa manispaa ya Mtwara. Hakihesabiwi kuwa sehemu ya Uingereza. Kina bunge lake, Tynwald, ambalo wenyewe wanasema limekaa zaidi ya miaka 1,000 bila kukatika. Ile miguu ina maneno yake ya Kilatini: vyovyote utakavyoitupa, itasimama.

Nikamwambia basi umesafiri mbali na kwenu. Akatikisa kichwa. Yeye hakuzaliwa huko. Alizaliwa Australia, na baba yake vilevile. Aliyetoka kisiwani ni babu wa baba yake, mchimba madini wa risasi kutoka kijiji cha Laxey. Akaniomba karatasi. Nyuma ya fomu yangu ya kuhesabia akachora gurudumu la maji la Laxey, la mwaka 1854, kipenyo chake zaidi ya mita 20, lililokuwa likivuta maji yasiwafurikie wachimbaji chini ya ardhi. Alichora kila tindi la gurudumu kwa kalamu ya wino, taratibu, na chai ikapoa. Hajawahi kulitazama kwa macho yake. Alilichora kama mtu aliyekulia chini ya kivuli chake.

Karatasi ile ninayo mpaka leo.

Meli nyingi huandikwa Douglas bila kufika Douglas, ni mambo ya usajili tu. Kwa wenzake yale maandishi yalikuwa rangi juu ya chuma. Yeye alipopangiwa meli hiyo alimpigia simu mama yake kumwambia. Nikamuuliza, sasa cha kwenu ulichobaki nacho ni nini, baada ya vizazi vitatu? Akafikiri. Akasema kwao panya hatajwi kwa jina lake. Bibi yake, aliyezaliwa Australia na kuzikwa Australia, alimwita panya "mkia mrefu", na mtoto akiteleza akataja jina lenyewe alitakiwa aguse mti haraka kuondoa mkosi. Nikacheka mpaka mama lishe akageuka, kwa sababu bibi yangu Newala usiku nyoka alimwita kamba. "Chunga kamba hapo mlangoni." Ole wako utaje nyoka jua likishazama.

Ndipo akaniuliza na mimi: wewe ni wa hapa hapa?

Babu yangu mzaa baba alitoka ng'ambo ya Ruvuma, uwanda wa Mueda, akikimbia kazi za shuruti za Wareno. Alivuka na mdogo wake. Babu akabaki Newala, akafyeka shamba, akapanda mikorosho. Mdogo wake akasikia habari za mkonge na miwa pwani ya Kenya, akaandikishwa, akaenda Kwale kwa mkataba. Mkataba ukaisha, hakurudi. Huko wakazaa, wakazikana, wakachonga mpingo, na kwa miongo mingi wakaishi bila kitambulisho cha nchi yoyote. Kaka yangu wa huko, mjukuu wa babu mdogo, alisoma shule kwa jina la Kidigo ili asifukuzwe. Na mwezi mmoja tu kabla ya meli ile kufunga, Oktoba 2016, Wamakonde wa Kwale walikuwa wametembea kwa miguu kwenda Nairobi kumwona rais, kudai vitambulisho. Kaka yangu alikuwemo. Mwaka uliofuata wakatangazwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya.

Nilimsimulia mhandisi hayo yote kwa Kiingereza changu cha gatini. Alivua kofia akaishika mikononi. Akauliza swali moja tu: bado wanasema lugha?

Nikamjibu kwa fahari kwamba wanasema. Hakuniuliza watoto wangu.

Baada ya meli kuondoka nilianza kusoma habari za watu hawa, usiku, kwenye simu, bando likiisha naongeza. Nilitaka kujua inakuwaje mtu anachora gurudumu ambalo hajaliona.

Waliondoka kwa sababu ambazo mtu wa kusini anazielewa bila kuelezwa. Mwaka 1825 askofu wa huko alitaka kukusanya zaka hata ya viazi, chakula cha maskini, na watu wakafanya ghasia. Mwaka mmoja au miwili baadaye familia nyingi za vijiji vya kaskazini mwa kisiwa zikapanda meli kwenda Marekani, zikaishia jimbo la Ohio, karibu na mji wa Cleveland ambao enzi hizo ulikuwa mdogo. Wakaitana. Aliyefika alimwandikia ndugu yake, ndugu akaja na mke na mashemeji. Kufikia 1851 walikuwa na chama chao cha kusaidiana Cleveland, cha kuuguza wagonjwa na kuzika wafu, kwa lugha yetu tungekiita chama cha kufa na kuzikana. Wakakiita Mona, jina la kale la kisiwa. Mwaka 1911 kikaundwa chama cha Wamanx, ndivyo watu wa kisiwa hicho wanavyoitwa, wa dunia nzima, na 1928, hapohapo Cleveland, chama cha Wamanx wa Amerika Kaskazini ambacho kimedumu mpaka leo, na wajukuu wa vitukuu bado wanakutana.

Kuna na majina. Jina la Kimanx unalijua kwa herufi yake ya kwanza: Quayle, Qualtrough, Kermode, Corlett, Kelly. Zamani yote yalianza na Mac, maana yake mwana wa fulani, kama bin kwetu. Kwa karne nyingi ile Mac ikamomonyoka mdomoni, ikabaki sauti ya mwisho tu, ikaungana na jina la baba. Kwa hiyo mtu wa Ohio asiyejua neno hata moja la Kimanx anatembea na "bin" ya babu zake kwenye leseni ya gari. Dan Quayle, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani kuanzia 1989 mpaka 1993, ana asili ya kisiwa hicho, na jina lake ni la namna hiyo. Nikamfikiria kaka yangu aliyebadilisha la kwake ili apate dawati. Jina ni mzigo mwepesi kuubeba baharini, lakini ukinyang'anywa hilo unabaki na nini?

Sasa lugha. Hapa ndipo niliposimama na mpaka leo sijasogea.

Kimanx ni ndugu ya lugha ya asili ya Ireland. Maji ni ushtey. Nyumba ni thie. Kufikia 1901 hesabu ya watu ilikuta wasemaji 4,419 tu kisiwani. Kulikuwa na msemo, na ulisemwa kwa Kimanx chenyewe: kwa Kimanx hutapata hata senti. Wazazi wakawaficha watoto lugha kama unavyoficha ugonjwa wa aibu, wakaongea nao Kiingereza, na chenyewe wakakiweka kwa ajili ya kunong'ona wakubwa. Mvuvi mmoja, Ned Maddrell, aliijua kwa bahati: alilelewa kijiji cha Cregneash na ndugu wa bibi yake ambaye Kiingereza hakukijua kabisa. Mwaka 1948 Waireland walituma watu na mashine ya kunasia sauti, wakawarekodi yeye na wazee wengine wachache. Wenzake wakafa mmoja mmoja. Yeye akafa tarehe 27 Desemba 1974, na naye akafa msemaji wa mwisho aliyeipata lugha toka utotoni.

Tazama tarehe hizo vizuri. Chama cha Cleveland kilikuwa na zaidi ya miaka 120. Nyimbo zilikuwepo, mapishi ya siagi na samaki wa chumvi yalikuwepo, bendera zilikuwepo, makaburi yameandikwa vizuri. Waliokuwa ng'ambo walifanya yote yaliyokuwa ndani ya uwezo wao. Lugha ilifia nyumbani.

Waswahili wa Mikindani wana methali ya majahazi: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Naipenda. Lakini kuna jambo inalolichukulia kwa imani, kwamba ngama, lile tumbo la chombo, utaikuta. Mtu anatembea chombo kizima, mbele nyuma, miaka themanini, halafu anarudi ngamani akute mbao zimeshachomolewa na waliobaki.

Agosti 2023 binti wa kaka yangu alikuja. Miaka ishirini na miwili, ndiyo kwanza kamaliza chuo Mombasa, na kitambulisho cha Kenya mkobani. Alishuka basi la Dar akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Kesho yake tukampandisha Newala kwa mama. Ni ule wakati mikorosho inatoa maua na mashine za kupuliza salfa zinanguruma mashambani toka alfajiri, hewa yote ina harufu ya kiberiti na maua kwa pamoja. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani anapukuchua mbaazi.

Binti akavua viatu, akapiga magoti mbele ya mkeka, akamwamkia mama kwa Kimakonde. Salamu nzima, ile ndefu, ya kuuliza usingizi na wagonjwa na wafu. Mama akaacha mbaazi. Akaitikia, akauliza zake, binti akajibu, wakaendelea hivyo, huyu akipokea huyu akirudisha, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja.

Kisha binti akawageukia wanangu, wawili, wa miaka kumi na minne na kumi na mmoja, akawasalimia kwa lugha ileile. Wakanitazama mimi.

Mume wangu ni Myao wa Masasi. Nyumbani kwetu Mtwara, kwenye nyumba ya kupanga Chikongola, tunasema Kiswahili, na Kiswahili ni lugha yangu ya moyo, ndiyo hii ninayoandikia. Sikilaumu. Najilaumu mimi. Shule ya msingi niliyosoma, aliyeropoka Kimakonde alivishwa kibao shingoni akatembea nacho mpaka amkamate mwenzake. Mimi nilikivaa mara nyingi. Nilipozaa nikaapa wanangu hawatakijua kibao, na njia rahisi niliyoiona ilikuwa wasiijue lugha. Wazee wa Kisiwa cha Man walifanya hesabu hiyohiyo, na waliifanya kwa mapenzi, kama mimi. Nilisoma habari zao miaka saba nikiwahurumia. Siku ile pale barazani nilijiona mimi ndiye mmoja wao.

Binti hakuja mikono mitupu. Alikuwa na daftari la shule la Kenya, la kurasa 96, gamba la bluu lililobandikwa gundi mara mbili. Bibi yake wa Kwale alipoanza kuugua alimwambia: andika. Akaandika miaka miwili. Mstari katikati ya ukurasa, kushoto Kimakonde, kulia Kiswahili cha Kenya. Medi, maji. Ing'ande, nyumba. Vyombo, sehemu za mwili, miti, wadudu, matusi machache yaliyofungiwa kwenye visanduku ili watoto wasiyasome. Kuna kurasa wino umekolea na kurasa umefifia, na ukurasa mmoja una doa la uji, maana alikuwa akiandika huku anamlisha.

Mama hajui kusoma. Binti akawa anasoma, mama anasahihisha. Hili sisi tunalisema hivi. Hili ni la Wamakonde wa Msumbiji. Hili umelikosea, vuta sauti. Wakafika kwenye neno la kata ya kutekea maji mtungini, kata ya kifuu yenye mpini mrefu. Mama akanyamaza. Akamwambia rudia. Binti akarudia. Mama akalisema mwenyewe mara tatu, polepole, akionja. Akasema mara ya mwisho kulisikia ni kinywani mwa bibi yake, na yeye alikuwa mtoto wa kutumwa maji. Neno lilikuwa limepotea Newala, limekaa Kwale miaka yote, limerudi kwa basi.

Mwanangu mdogo akauliza, "Bibi, kwani kata yenyewe bado ipo?" Mama akamtuma jikoni, kwenye dari juu ya mafiga, na kweli ilikuwepo, nyeusi kwa moshi.

Usiku ule nilimwandikia mhandisi. Hatukuwa tumeandikiana muda mrefu. Akanijibu kwa picha. Alikuwa amekwenda kisiwani Julai, na mama yake mwenye miaka themanini na kitu, kuhudhuria sikukuu yao ya tarehe 5 Julai. Kila mwaka kwenye sikukuu hiyo bunge linatoka nje, linakaa kwenye kilima cha majani chenye ngazi nne kama keki ya harusi, kijiji cha St John's, na sheria mpya zinatangazwa hadharani kwa Kimanx na Kiingereza. Kwenye picha yeye na mama yake wamechomeka kifuani kijiti cha mmea wanaouita bollan bane, wa kumkinga mtu na ubaya. Akaandika kwamba sheria ziliposomwa kwa Kimanx hakuelewa. Lakini baadaye, dukani, watoto wawili walikuwa mbele yake kwenye foleni wanabishana juu ya pipi. Kwa Kimanx. Kwa kasi, kwa hasira, bila kujali nani anasikia. Mama yake akamshika mkono.

Hao ni matunda ya shule ya msingi iliyofunguliwa mwaka 2001 na sasa iko hapohapo St John's, inayofundisha karibu kila kitu kwa Kimanx. Waliomfuata Ned Maddrell na daftari mkononi alipokuwa hai ndio waliokibeba mpaka kikawafikia watoto. Mwaka 2009 UNESCO waliandika kwamba Kimanx kimekufa, na wanafunzi wa shule hiyo wakawaandikia barua, kwa Kimanx, wakiuliza: kama lugha yetu imekufa, hii tunayoandikia ni lugha gani? UNESCO wakarekebisha. Kwenye hesabu ya watu ya 2021 zaidi ya watu 2,000 walisema wanaijua kwa kiasi fulani. Na sasa mtu wa Ohio au wa Australia akitaka kujifunza, ana pa kuelekea: masomo yapo kwenye intaneti, na zile sauti za 1948 zipo, anamsikia mzee wa Cregneash kwa masikio yake. Vyama vya ng'ambo vilikaa karne nzima vikishikilia jina na hamu. Nyumbani palipoamka, wenye hamu walikuwepo.

Sisi hatuko pabaya kama walivyokuwa. Wasemaji wa Kimakonde ni wengi, Newala na Tandahimba ukiingia sokoni utakisikia. Najua watakaonijibu hivyo. Lakini nendeni Chikongola, Magomeni, Ligula, msimame nje ya shule saa saba mchana watoto wanapotoka, msikilize.

Tulipoachana stendi, binti hakuniachia daftari. Alisema ni la bibi yake na linarudi Kwale. Tulilipiga picha ukurasa kwa ukurasa juu ya meza ya chakula, mwanangu mkubwa ameshika tochi. Sasa kila Jumapili saa kumi jioni anapiga simu ya video, mama tunampigia Newala kwa simu ya jirani, na wanangu wanakaa katikati. Kazi ni ukurasa mmoja kwa wiki. Mtandao ukikatika tunasubiri. Mama ameweka sharti kwamba Kiswahili hakiruhusiwi mpaka ukurasa uishe, na ni mkali kweli, mkubwa alishaambiwa arudie neno moja mara kumi na mbili.

Mume wangu alikuwa akikaa chumbani na redio yake. Wiki tatu zilizopita alikuja akakaa mlangoni, akauliza kama mama yake mzazi, kule Masasi, naye ana simu ya jirani.

Jumapili hii tuko ukurasa wa 31. Ni wa majina ya ndege. Mama amesema tusianze bila yeye, kwa sababu bibi wa Kwale, Mungu amrehemu, alichanganya kanga na kwale.